Siku Mbili Baada ya Mvua: Mwongozo wa Matembezi ya Vuli katika Msitu wa Amani

Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha usiku, asubuhi yake utakuta mbawa za kumbikumbi zimetapakaa barazani chini ya taa. Wengi hukimbilia ufagio. Safari hii usifagie kwanza. Mbawa hizo zinakuambia kwamba ardhi imelowa vya kutosha, mchwa wamefungua milango ya vichuguu, ndege walao wadudu wanakula tangu alfajiri, na kwenye baadhi ya vichuguu uyoga uko njiani kutoka. Subiri siku mbili, kisha uingie msituni. Sijui wakati mwingine katika mwaka ambapo ndege, mimea na uyoga huonekana pamoja kwa wepesi kama huo.

Shuleni wengi tulifundishwa kwamba vuli ni yale majira ya Ulaya ya majani kupukutika. Kwetu mambo ni kinyume: vuli, Oktoba hadi Desemba, ni wakati wa kuchipua. Wekundu utakaouona mitini ni wa jani changa. Miti mingi ya nchi za joto hutoa majani mapya yenye rangi ya damu au ya shaba, na yakikomaa yanageuka kijani. Hata hivyo majira hayo mawili yanahusiana kweli. Baridi inapoanza kule, wadudu hupungua, na mbayuwayu mwenye uzito wa gramu 20 hivi hufunga safari ya maelfu ya kilomita kuja huku kwenye kumbikumbi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa msitu mmoja ninaoupenda kuliko yote: Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, wilayani Muheza mkoani Tanga. Ukiwa Lushoto, Uluguru, Taita au Kakamega, hatua ni zile zile. Majina ndiyo yatakayobadilika.

Jambo la kujua kabla ya yote: urefu wa mlima

Upepo kutoka Bahari ya Hindi unaigonga milima hii na kumwaga maji, karibu milimita 1,900 kwa mwaka pale Amani. Msitu umekuwa na unyevu kwa muda mrefu sana huku nyanda zinazouzunguka zikiwa kavu, ndiyo maana una viumbe wasioonekana kwingine. Hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1997, inaanzia chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 1,100.

Kwa mtembezi maana yake ni hii: kwenye miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, baadhi ya ndege wa juu hushuka mabondeni, na vuli inapofika wamekwisha kurudi juu kuzaliana. Kwa hiyo kama una siku moja tu ya vuli, ipeleke juu, kwenye mita 900 hivi kilipo kijiji cha Amani. Kama una siku mbili, ya pili itumie chini, kando ya mto Sigi.

Kabla ya kupanda

1. Angalia mvua, usiangalie kalenda. Vuli inaweza kuchelewa wiki kadhaa. Ukiwa mbali, mpigie mtu wa Muheza umuulize kama kumbikumbi wameruka.
2. Ondoka Muheza mapema. Ni kilomita zipatazo 30 tu, lakini barabara ya mlimani huteleza mvua ikinyesha, na mvua za vuli hupenda mchana.
3. Lipa kiingilio na uchukue kibali langoni Sigi. Jengo la mapokezi lilikuwa la mkuu wa stesheni wakati wa reli ya Wajerumani. Tumia dakika tano kulitazama.
4. Omba mwongozaji, tena umuulize kama amezaliwa huko. Anayejua majina ya Kisambaa ya miti atakufundisha kwa asubuhi moja mambo ambayo kitabu kitakufundisha kwa mwaka.
5. Lala mlimani au karibu nao, ili saa 12 asubuhi uwe tayari njiani.

VYA KUBEBA

☐ Darubini ya mkono. Ikiandikwa 8x42, namba ya kwanza ni mara inavyokuza na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Msituni kuna giza, kwa hiyo kioo kipana kina faida kuliko ukuzaji mkubwa.
☐ Daftari dogo na penseli. Kalamu ya wino hukataa karatasi ikilowa.
☐ Kioo kidogo cha mkobani, cha kutazamia chini ya kofia ya uyoga bila kuung'oa.
☐ Suruali ndefu, soksi ndefu za kuchomekea suruali, na viatu vya kufunika vifundo.
☐ Shati la mikono mirefu na dawa ya kufukuza mbu; malaria ipo, hasa mabondeni.
☐ Koti la mvua, maji, chakula, na mfuko wa kurudishia taka zako.
☐ Simu yenye chaji ndani ya mfuko wa plastiki.

Usivae nguo nyeupe wala nyekundu. Kijani kilichofifia, kahawia au kijivu vinatosha.

Kanuni ya mita 500

Nilipopanda mara ya kwanza nilitembea kutwa nzima, nikarudi hoi, na ndege niliowaona hawakuzidi vidole vya mikono. Mzee mmoja aliyekuwa akichuma iliki kando ya njia aliniambia, "Mwanangu, wewe unawafukuza kisha unawatafuta." Tangu siku ile natembea mita 500 kwa saa mbili, na mara nyingi huwa naona mengi kuliko kutwa ile nzima.

Sababu iko wazi. Ndege wa msituni akisikia hatua ananyamaza na kutulia. Ukisimama, baada ya dakika kadhaa anarudia shughuli zake. Asiyesimama hapati kuziona dakika hizo.

1. Anzia ukingoni, pale shamba la chai au la iliki linapokutana na msitu. Kuna mwanga, na ndege wa pande zote mbili hupita hapo.
2. Tembea hatua 30, kisha usimame dakika tano kwa saa.
3. Dakika ya kwanza sikiliza ukiwa umefumba macho. Hesabu sauti tofauti kwa vidole.
4. Dakika ya pili na ya tatu tazama juu: vilele vya miti, matawi makavu, miti yenye matunda.
5. Dakika mbili za mwisho tazama chini: magogo, majani yaliyooza, miguu ya miti.
6. Andika kabla hujasogea. Ukisema utaandika baadaye, utachanganya.

Siku ya pili rudia njia ile ile. Ndipo utakapotambua kipya ni kipi.

Ndege

Kosa la wanaoanza ni kumtafuta ndege kwa darubini, yaani kuizungusha huku na huku mitini. Hutapata kitu. Fanya hivi:

1. Mtafute ndege kwa macho matupu mpaka umwone akitikisika.
2. Yakaze macho hapo alipo, usiyaondoe.
3. Inua darubini mpaka machoni bila kuinamisha kichwa. Atakuwa ndani ya kioo.
4. Kumbuka mambo manne kwa mpangilio huu: ukubwa (kama shomoro, kama njiwa, kama kuku?), mdomo, anachofanya, rangi. Rangi iwe ya mwisho kwa sababu kivuli cha msitu hudanganya.

Usihangaike na majina siku ya kwanza. Anza na wale wanaojitangaza wenyewe.

Dudumizi utamsikia ukingoni, kwenye vichaka: sauti inayoshuka mfululizo kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Watu wengi wa pwani husema analilia mvua, na kweli vuli huwa hanyamazi.

Hondohondo, yule mkubwa mweusi mwenye pembe juu ya mdomo, utasikia mbawa zake kabla hujamwona; zinavuma. Katika majira haya huenda jike lisionekane kabisa. Hujifungia ndani ya tundu la mti kwa udongo na kuacha ufa mwembamba, na dume humletea matunda kupitia ufa huo. Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani katika miaka ya 1930, na mkewe Winifred waliwachunguza ndege hawa viotani, na uvumilivu wao ndio ninaokuomba uwe nao kwa dakika 20 tu: ukiona hondohondo akirudi mara mbili kwenye shina lile lile, kaa mbali, angalau mita 50, na utazame. Ukisogea, dume hatakuja, na jike aliye ndani hana chakula kingine.

Kulukulu ni wa kijani msituni mwa kijani, hivyo utamkosa akiwa ametua. Akiruka, mbawa zinafunguka nyekundu mno. Wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, jambo ambalo rangi za ndege wengine hazina.

Kisha kuna siafu. Watu wengi wakiona msafara wa siafu wanageuka. Wewe vuka haraka au rudi nyuma hatua kadhaa, hakikisha suruali imo ndani ya soksi, halafu subiri kwa umbali wa mita nne au tano, pembeni, usiwe mbele yao. Siafu wanapotawanyika kuwinda, panzi, buibui na mende hukurupuka kutoka majanini, na ndege fulani wa ardhini huishi kwa kuwafuata siafu ili wadake hao wanaokimbia. Mmoja ni wa rangi ya kutu, mrefu kidogo, anayetua kwenye vijiti vya chini. Mwingine ana mgongo wa kahawia na kifua cheupe. Ni wenye haya kuliko ndege wote wa Amani, na siku za kawaida utasikia tu mlio gizani. Mbele ya siafu husahau haya. Nimewahi kusimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, na sijutii.

Jihadhari pia na ukimya. Unaweza kusimama nusu saa bila ndege hata mmoja, ukakata tamaa, kisha kwa ghafla matawi yote yakajaa. Hilo ni kundi mchanganyiko: ndege wa aina nyingi wanaotembea pamoja wakitafuta wadudu, wengine juu, wengine katikati. Likipita, chagua ndege mmoja umtazame vizuri. Ukitaka kuwaona wote, hutaona hata mmoja. Juu kabisa, kwenye maua, anaweza kuwemo chozi wa Amani, mdogo mwenye kichwa cheusi na tumbo jeupe; shingo itauma kabla hajatulia.

Mwishowe utoke nje ya msitu jioni, mahali penye anga wazi. Mbayuwayu na keremkerem wageni hupita hapo. Na kuanzia Novemba, kumbikumbi wakiruka, tazama juu zaidi: makundi ya kozi wadogo wenye mbawa zilizochongoka hupitia Afrika Mashariki wakitokea upande wa mto Amur, mashariki ya mbali ya Asia. Wamevuka bahari nzima.

Usiwachezee ndege sauti zao kwa simu ili wasogee. Wakati wa kuzaliana dume huacha kiota kwenda kupigana na ndege asiyekuwepo.

Mimea

Hapa nina onyo moja kubwa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani bustani ya mimea na kuleta miti kutoka pande nyingi za dunia. Kwa hiyo mti mkubwa ulio karibu na majengo ya zamani unaweza kuwa mgeni kabisa. Kabla hujaandika "mti wa Usambara", muulize mwongozaji.

Mgeni mmoja amepenya hadi ndani ya msitu: Maesopsis eminii, unaoitwa musizi kule Uganda. Kwao ni Afrika ya Kati na Magharibi hadi pande za Ziwa Viktoria. Ulipandwa Usambara kwa ajili ya mbao, hondohondo wakapenda matunda yake, wakazitawanya mbegu kila penye uwazi. Ukisimama chini ya mti wenye hondohondo wengi, tazama miche iliyo chini. Hapo utauona msitu wa miaka 50 ijayo ukiwa na urefu wa kidole.

Wenyeji wa kweli wako wengi. Utafute msambu kwa matunda yake makubwa ya kahawia yaliyoanguka, marefu kama kiganja na zaidi; mbegu zake hukamuliwa mafuta. Na kando ya vijito, kwenye miamba yenye kivuli, piga goti utafute ua la saintpaulia, lenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona na kulipeleka kwao. Likapewa jina lake mwaka uliofuata, na leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Huku kwao linabanwa kwenye miamba michache inayobaki na kivuli. Usilichume wala usiling'oe. Kuchukua mmea hifadhini bila kibali ni kosa la kisheria.

Namna ya kuchunguza mmea usioujua:

1. Tazama majani yamekaaje kwenye kijiti: mawili yakielekeana, au moja moja kwa zamu?
2. Okota jani lililoanguka, likunje, linuse.
3. Tazama gome na utomvu kama tayari kuna jeraha. Usikate mpya, na utomvu usiguse macho.
4. Piga picha tatu: mti mzima, jani kwa mbele na kwa nyuma, ua au tunda.

Ukikutana na ganda lenye manyoya ya kahawia yanayong'aa, pita mbali. Huo ni upupu.

Uyoga

Hapa ndipo siku mbili baada ya mvua zinapolipa. Uyoga unaouona ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba zilizoko ndani ya gogo au udongo mwaka mzima, zikingoja maji. Baadhi ya uyoga hutoka leo na kesho umeoza, ndiyo sababu nasema mita 500 zile zile, siku mfululizo.

Tafuta kwa kufuata chakula chake:

1. Kwenye gogo lililolala: masikio laini ya kahawia yanayotetemeka kama jeli, na mapepeo madogo meupe yenye manyoya.
2. Kwenye vijiti vilivyooza chini: vikombe vidogo vya waridi au rangi ya chungwa, vyenye maji ndani. Watoto huvipenda kuliko ndege wote.
3. Kwenye shina la mti uliosimama: rafu ngumu kama mbao. Hizo hukaa miaka, hesabu mistari.
4. Kwenye kichuguu, hasa ukingoni na mashambani: uyoga wenye kofia iliyochongoka katikati na mguu unaoendelea chini ya ardhi kama mzizi mrefu.

Huu wa nne ndio wa mbawa za barazani. Mchwa hawali tu miti. Ndani ya kichuguu wamelima bustani ya kuvu, wanailisha majani yaliyotafunwa na kula kinachoota. Mguu ule mrefu unashuka hadi bustanini mwao. Huliwa, ni mtamu, na akina mama wa vijijini wanaujua kwa kuuona tangu utotoni. Ndiyo maana naandika onyo lifuatalo.

ONYO: KUTAZAMA NI TOFAUTI NA KULA

Mwongozo huu haumfundishi mtu kula uyoga. Uyoga wenye sumu kali unaweza kufanana na unaoliwa.

Haya yote ni uongo na yameua watu:
• "Wadudu wameula, basi ni salama." Konokono hula visivyolika kwetu.
• "Ukichemshwa sana sumu inaisha." Sumu inayoua ini haiondoki kwa moto.
• "Kijiko cha fedha au kitunguu kikigeuka rangi ndiyo una sumu." Havionyeshi kitu.
• "Mweupe ni salama." Baadhi ya ulio hatari kuliko wote ni mweupe.

Sumu mbaya zaidi huchelewa: kutapika na kuharisha huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, kisha mgonjwa huonekana amepata nafuu huku ini likiharibika. Usingojee nafuu hiyo. Mpeleke hospitali na ubebe mabaki ya uyoga, hata yaliyopikwa.

Programu za simu kama iNaturalist zinafaa kwa kuweka kumbukumbu na kupata maoni ya wajuzi. Usizitumie kuamua nini kiingie sufuriani.

Mengine yanayowaharibia watu safari

Kukaa kwenye gogo bila kulitazama upande wa pili. Moma hulala kwenye majani makavu na rangi zake ni za majani hayo hayo. Kila unapoweka mguu au mkono, tazama kwanza. Mtu akiumwa na nyoka, mtulize, asitembee, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali mara moja. Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza.

Kuzungumza kwa sauti. Kunong'ona pia husikika mbali. Heri kuonyesha kwa kidole, polepole.

Kwenda watu 10. Watatu au wanne wanatosha.

Kuandika jina ambalo huna hakika nalo. Andika ulichokiona: "kama njiwa, kijivu, mdomo mwekundu, amekula tunda". Maelezo hayo mtu mwingine anaweza kuyafanyia kazi baadaye. Jina la kubahatisha hawezi. Na pale mwongozaji anapokupa jina la Kisambaa, liandike kama alivyolitamka, hata kama hulijui kwa Kiswahili.

Jioni, ukirudi

Msituni hukuchuma kitu. Lakini uani au kwenye kiwanja cha mpira nyumbani kwako vuli haikosi uyoga. Chukua mmoja mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, ukate mguu, ulaze kofia juu ya karatasi nyeupe, kurasa zake nyembamba zikitazama chini. Funika kwa bakuli, weka mbali na watoto, nawa mikono, nenda ukalale.

Asubuhi inua kofia taratibu. Utakuta duara la mistari laini kama iliyochorwa kwa sindano. Hizo ni spora, vumbi ambalo ndilo mbegu za uyoga. Angalia rangi. Ikiwa ni ya kijani kilichofifia, basi uyoga huo ni Chlorophyllum molybdites, ule unaowalaza watu wengi hospitalini kwa kutapika katika nchi za joto. Bandika karatasi daftarini, andika tarehe, mahali, na siku ngapi zimepita tangu mvua.